Picha ya simba na pundamilia tuliyompelekea baba mkwe

Wakuu, salamu kwenu. Haya yalinipata mwenyewe miaka ya tisini, na sitayapamba. Hata aibu yangu nitaiacha ilivyo.

Nilikuwa na digrii mpya na kazi ya kufundisha Migori mjini. Kaka yangu mkubwa, Okelo, alikuwa mpishi wa shule Homa Bay.

Okelo hakufundishwa kuchora na mtu. Wikendi alichukua mabaki ya rangi za nyumba akachora misitu juu ya mbao: majani makubwa kama mitumbwi, nyani wenye macho ya watu. Mbuga ya Ruma haikuwa mbali naye, lakini hakuwahi kuikanyaga. Alisema wanyama wa kule wangemchanganya.

Wakati huo nilikuwa nimempata Boke, Mkuria wa upande wa Isebania, na siku ya kwenda kujitambulisha kwao ilikuwa imepangwa.

Boke aliwahi kuniambia kwamba ukoo wao ni wa pundamilia. Nilimsikiliza kama mtu anayetajiwa timu ya mpira ya mwenzake. Nikamwomba Okelo amchoree baba yake picha ya zawadi, na pundamilia asikose.

Nilipokwenda kuitazama, nilikuta simba ameweka mguu juu ya mgongo wa pundamilia, naye pundamilia ametulia kama mtu anayenyolewa.

Niliona haya. Nikamwambia kaka kwamba watu wataona hatujui maumbile, kisha nikamnunulia kopo dogo la rangi nyekundu aongeze damu shingoni.

"Omera, ndugu yangu, wewe umesoma simba," aliniambia. "Lakini huu msitu ni wangu. Hapa hakuna anayekufa."

Hata hivyo, kopo alilipokea. Siku ya safari alikuja na picha imeshafungwa kwa gunia, nami sikuifungua.

Kwa Mzee Marwa, baba yake Boke, gunia lilitolewa sebuleni mbele ya wote. Shingo ya pundamilia ilikuwa nyekundu. Shangazi mmoja akaweka kikombe chini.

Boke akaninong'oneza kwamba kwao pundamilia haliwi wala haumizwi, ni jamaa. Nami nilikuwa nimewaletea jamaa yao akichinjwa.

Wakuu, nilijua ndoa yangu imeishia pale.

Mzee alivaa miwani, akaisogelea picha.

"Hii nyekundu ni damu?"

"Ni maua, mzee," Okelo akajibu. "Nimemvika."

"Na huyu simba, anamfanya nini?"

"Ni mgeni. Anaomba kukaribishwa."

Mzee aliyapitia yale maua kwa kidole, moja baada ya jingine. Kisha akacheka mpaka miwani ikamteleza, akaagiza aletewe nyundo na msumari. Picha ilipanda ukutani kabla chai haijapoa.

Sijawahi kushusha pumzi kama siku ile.

Elimu yangu ilinifundisha simba hufanya nini; haikuniambia naingia nyumba ya nani. Okelo hakujua lolote kati ya hayo mawili. Alikataa tu kumuua mnyama wake, nasi sote tukapona.

Hadi leo, nikianza kusahihisha watu, Boke huniuliza kama nimebeba kopo.

Kama nawe uliwahi kuokolewa na mtu uliyedhani hajui, tusimulie hapa chini. Nitasoma kila jibu, na sitasahihisha la mtu.