Ruhusa ya Mgeni wa Chumba Namba Saba

Kanuni za ploti yetu ya Lodwar niliziandika mimi, na kwa miezi kadhaa nilijivunia karatasi zile kuliko cheti changu cha ukarani. Kabla ya kanuni hizo tuliishi kwa matakwa ya mwangalizi, mzee aliyewekwa getini na mwenye ploti, ambaye mwenyewe anakaa Kitale. Mwangalizi akikukasirikia, bomba lako linakauka. Akikupenda, mbuzi wa shemeji yako wanalala uani. Wapangaji tukachoka, tukaunda kamati. Uenyekiti tulimpa mpangaji mwenzetu, mfanyabiashara Msomali mwenye duka Kakuma, maana ndiye pekee ambaye mwangalizi alimwogopa. Ukatibu nikapewa mimi, mtu wa ofisi aliyetoka “Kenya”, kama wenyeji wa huku kaskazini wanavyopaita kwetu kusini.

Sikujua kutunga kanuni, ila kunakili nilijua. Binamu yangu anaishi kwenye ghorofa Nairobi; akanitumia za kwao, nikazichapa upya. Zilikataza watoto kucheza ndani ya lifti na watu kupiga kelele kwenye bwawa la kuogelea. Ploti yetu ina vyumba kumi na viwili vya bati, safu mbili zinazotazamana. Lifti niliiacha humo makusudi. Niliona inatupa heshima. Nikaibakiza pia kanuni ya wageni: mgeni wa kulala apate ruhusa ya maandishi, yenye sahihi ya mwenyekiti na muhuri wa kamati, la sivyo mpangaji ahame. Muhuri tuliuchongesha, na mwenyekiti akawa anasafiri nao mfukoni, kwa usalama.

Aliyezipenda kanuni hizo kuliko wote ni mwangalizi. Kusoma hakujua, lakini alielewa upesi kwamba sasa anaweza kumzuia mtu bila hata kumkasirikia.

Jumatatu moja jirani yangu wa chumba namba saba, mwalimu wa chekechea, alimleta mama yake kutoka Lokori. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa siku nne tu, mpaka Alhamisi, na hawakukubali kumpasua mtu asiye na mahali safi pa kulala karibu, penye sakafu ya saruji na mtu wa kumtia dawa ya matone. Mwalimu alikuwa na sakafu hiyo. Mwangalizi akasimama getini.

“Karatasi iko wapi?”

Mwalimu akaja kwangu. “Katibu, hii ni mama yangu. Atakaa siku tano tu. Sasa wakimpasua, nimlaze kwa vumbi?”

Ningesema neno moja geti lingefunguliwa. Badala yake nilimweleza utaratibu, kwa upole ambao hata sasa unanichefua, kisha nikampigia mwenyekiti Kakuma.

“Wallahi, katibu, mwingize tu mama wa watu.”

“Nakubaliana na wewe, mwenyekiti. Naomba uthibitishe kwa maandishi.”

“Muhuri si uko huku na mimi?”

“Ndiyo maana nimekupigia.”

Nilijitetea kwamba tukilegeza mara moja, mwangalizi atarudi kwenye enzi zake za mbuzi. Ukweli ni kwamba sikuwahi kuandika kitu maishani kikatiiwa, na utamu wake ulinilevya.

Barua ya ruhusa iliandikwa huko Jumanne. Jumatano na Alhamisi gari lililoibeba lilikuwa bado Kakuma, likitengenezwa. Siku hizo zote bibi alishinda kwenye kivuli cha ukuta wetu, upande wa nje, juu ya ngozi ya mbuzi, na jioni mwalimu alimpeleka kwa jamaa zao kwenye manyatta, vibanda vya sakafu ya vumbi. Nilipopita kwenda kazini nilimwamkia, “Ejok,” naye akaitikia kwa furaha, akigeuzia uso upande ambao sikuwapo.

Ijumaa adhuhuri barua ikafika, na sahihi yake na muhuri wake. Nikatoka nayo mwenyewe, na mwangalizi akafungua geti lote, mabawa mawili, kana kwamba waziri anaingia. Bibi alikuwa palepale ukutani, mzigo umefungwa, mwalimu, binti yake, kando, wakingoja lori la Lokori.

“Katibu,” mwalimu akasema, “wale madaktari wameenda jana.”

Nilijua. Siku nilizihesabu kama kila mtu, ila nilijidanganya kwamba wangeongeza moja. Nilisimama pale na ruhusa yangu mkononi.

Bibi alisikia karatasi ikichakarika, akanyoosha mkono. Nikampa. Akaipapasa pande zote mbili, akauliza jambo kwa Kiturkana.

“Anauliza kama hii ni ya daktari.”

Nikasema hapana, ni ruhusa ya yeye kulala ndani.

Mwalimu akamtafsiria. Bibi akacheka kidogo, bila ubaya wowote, akanirudishia karatasi yangu na kujibu kwa maneno machache.

“Anasema asante,” mwalimu akasema. “Anasema kulala, hata kwake Lokori analala tu.”