Masale Tuliyoyapanda Bondeni

Siku ile bondeni, chini ya soko la Lushoto, tulikuwa wanne: mimi; dada yangu wa tumbo moja, mkubwa kwangu, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa bonde; shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu; na bwana mpima ardhi. Majina yao ninayo yote. Siyaandiki, maana wana wajukuu.

Lile bonde halikuwa la mtu. Tulikata humo majani ya ng'ombe, na masika yakija maji yalituama hapo kwanza, ardhi ikanywa, mto ukapata kilichobaki. Hata kwenye ramani ya mji lilipakwa kijani. Ulipoingia wakati wa ruksa, biashara zikaachiwa huru, kila mtu akataka duka, wakaanza kulimega pembeni. Mimi na dada tukapanda miche ya masale kulizunguka lote. Kwetu sale ni mpaka. Mshambaa mwenye akili haling'oi. Tukajua tumelilinda.

Bwana mpima akayaona. "Kumbe hapa pana mipaka. Mwenyewe nani?"

"La wote," nikasema.

Shemeji akacheka. "Bwana mkubwa, la wote huwekewa mpaka? Haya kapanda huyu, mke wa kaka yangu. Eneo la ukoo wetu hili. Muulize."

"Mama, ulipanda?"

"Nilipanda, lakini..."

"Basi."

Dada akamvaa shemeji. "We mwanaume, jembe ulishika lini hapa? Hata majani ya mbuzi wako nakukatia mimi!"

"Shikamoo dada," akamjibu kwa kejeli. "Duka likiisha, nitakukopesha sukari."

Kiwanja kikaandikwa jina la shemeji; vibarua wake wakashindilia kifusi, wakamwaga zege. Masika yaliyofuata maji yakaja, yakakuta ukuta, yakageukia kwa dada. Ukuta wa jiko lake ukayeyuka kama uji, na chumba cha kulala kikafuata. Akahamia Shume kwa mwanawe. Hakurudi tena, tulimzika huko.

Leo wanakuja na semina. Eti mji umepata joto, maji hayana pa kukaa, tupande miti kwa ajili ya tabianchi. Tupande wapi? Juu ya bati la shemeji? Nilimuuliza hivyo binti wa semina, akaandika tu. Mungu anisamehe, nilitaka kumrushia kiti.

Kama ulikuwa unapita siku ile ukasikia vingine, njoo nyumbani unirekebishe. Huenda dada alimwita shemeji kwa neno baya zaidi, nami nimelipunguza. Huenda mpima aliuliza mara mbili. Nitakusikiliza. Ila usije kuniambia kwamba mpima hakujua bonde lile ni la nani.