Nyuzi Zilizokufa za Odero

Gita la besi la Odero lilikuwa na blanketi lake lenyewe, zito, lenye picha ya simba. Truphena, mkewe kwa miaka ishirini na sita, alijifunika lile jingine. Katika nyumba yao ya Buruburu hakuna aliyeruhusiwa kuligusa gita hilo, si binti yao Carolyne, si hata pasta aliyekuja kubariki nyumba akalinyooshea mkono.

"Liombee ukiwa hapo hapo mlangoni, pasta," Odero alimwambia. "Mungu anasikia hata kwa mbali."

Siku za kazi alikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya Industrial Area, mtu wa kugonga mihuri. Jumapili alasiri alikuwa mpiga besi wa Bana Makadara, bendi ya watu watano iliyowapigia rumba walaji wa nyama kwa Millicent, baa yenye ua mkubwa kule Umoja. Miaka kumi na tisa, na hakuna mlevi hata mmoja aliyewahi kulijua jina lake. Walijua la Mbithi, kiongozi wa bendi na mpiga solo, anayefumba macho kila simu ikiinuliwa kumpiga picha. Odero alijifariji. Mpiga besi, alipenda kusema, ni kama msingi wa nyumba: hakuna anayeusifu, lakini uondoe uone. Shida ya falsafa hiyo ni kwamba hakuwa ameondoka hata siku moja.

Halafu akaondolewa. Jirani alikuwa akimsaidia kutia gita kwenye buti la gari, akauachilia mlango wa buti kabla ya wakati. Mtu mwenye akili angevuta mkono nje. Odero aliusukuma ndani, ili shingo ya gita isipigwe. Shingo ilipona. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilivunjika, daktari akakifunga kwenye kibao, akasema wiki tano bila kushika chochote.

"Hata gita?"

"Hasa gita," Truphena akadakia kabla ya daktari.

Jumanne Mbithi alikuja kumpa pole, mkononi ana mkate na maziwa. Odero alijua mara moja kwamba mtu haleti vyote viwili bure.

"Jaduong', mzee wangu, Jumapili nimepata kijana wa kukushikia nafasi. Anaitwa Opicho, anakaa Mukuru kwa Reuben, hupiga kanisani. Shida ni moja tu. Gita la kanisa halitoki kanisani."

"Sasa?"

"Sasa tuazime lako."

Odero alimtazama kama mtu aliyeombwa mswaki na mgeni.

"Bila besi Millicent ataleta didijei," Mbithi alisema. "Na didijei akishaingia mahali, unajua wewe, hatoki."

"Huyo kijana anapiga aje?"

"Wacha tu. Utamsikia."

Utamsikia! Odero alikubali kwa mdomo, lakini neno hilo lilibaki kwenye koo kama mwiba wa samaki. Miaka kumi na tisa, na Mbithi hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba Odero atamsikia.

Sasa, nyuzi za besi huzeeka. Jasho na uchafu wa vidole huingia katikati ya waya na sauti hufa. Mpya ni ghali, kwa hivyo wapigaji wa mitaa yetu huzichemsha kwenye sufuria yenye maji na siki, wakazianika, wakazirudisha, na sauti ikafufuka. Odero alichemsha zake kila mwezi, kwenye sufuria ya ugali, na familia ilikuwa imezoea ugali wenye ladha ya kufuli. Besi yake ilitoa sauti kali, safi, ya kung'aa. Ndiyo iliyokuwa fahari yake.

Lakini ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati, alikuwa na nyuzi nyingine: zile zilizokuja na gita siku alipolinunua. Nyeusi, zimechoka, hazijawahi kuona moto. Jumamosi alifunga mlango wa chumba, akazitoa zile safi, akazitia hizi za kaburini kwa vidole tisa na meno. Alipojaribu moja, ilitoa mlio wa mtu anayepiga godoro. Odero akatabasamu.

Truphena aliingia na nguo za kupiga pasi. "Baba Carol, mbona unamvisha mtoto matambara na anaenda kwa watu?"

"Ni... za mazoezi."

"Aha," alisema Truphena.

Jumapili walikwenda pamoja kutazama maafa. Opicho alikuwa kijana mwembamba, kwenye fulana ya kampeni ya mtu aliyekwisha kushindwa.

"Mambo, mzee. Shukrani sana kwa kuniamini."

"Usiliweke chini," Odero alisema. "Usiliegemeze ukutani. Usilitolee jasho."

"Sawa, mzee. Kupumua ninaruhusiwa?"

Wimbo ukaanza. Besi ikaingia, dum, na Odero akajiegemeza kitini kusubiri nyuso zikunjamane. Hazikukunjamana. Mama mmoja wa meza ya pili aliweka chini mbavu aliyokuwa akiing'ata, akainua kichwa kama aliyeitwa na mtu wa kwao. Kwa maana sauti ile, nzito na fupi, ilikuwa sauti ya sahani za santuri za baba zao, ya sebule yenye vitambaa na redio moja. Matako yakaanza kuondoka vitini. Millicent mwenyewe akatoka nyuma ya kaunta, kitambaa begani.

"Nani huyo kwa besi?" mtu akapaza sauti.

"Opicho!" Mbithi akajibu kwenye maikrofoni. "Opicho wa Reuben!"

Roho ilimwuma Odero mpaka kwenye kidole kilichofungwa. Kilichomuumiza zaidi hakikuwa kijana. Kilikuwa gita. Tazama lilivyomlalia kiunoni! Yeye aliyelinunulia blanketi halijawahi kumwimbia hivyo, na huyu amelijua kwa dakika nne. Akageuka kumlalamikia mkewe, akakuta miguu ya Truphena inacheza chini ya meza.

"Hata wewe?"

"Miguu ni yangu, Baba Carol."

Wakati wa mapumziko Mbithi alikuja jasho likimtoka. "Jaduong', sauti hiyo umeificha wapi miaka yote hii? Lako huwa linalia kama kengele ya baiskeli! Kijana amelifanya nini?"

Odero akafungua mdomo. Sifa ilikuwa pale, yake kabisa, ya kunyoosha mkono tu. Nyuzi ni zangu, nilizitia mimi. Lakini swali la pili lingekuwa, ulizitia kwa nini? Truphena alikuwa akitafuna polepole, akimtazama kwa hamu kubwa.

"Ana... bidii," alisema Odero.

Opicho alimrudishia gita mwenyewe, amelipangusa mpaka kwenye funguo za kukazia nyuzi.

"Mzee, nyuzi zako zimekufa."

"Zimekufa?"

"Kabisa. Nilipogusa tu, nikasema, huyu mzee hanipendi." Akacheka. "Lakini la kanisani kwetu halijabadilishwa nyuzi tangu nikiwa Sunday school. Mkono wangu haujui nyingine. Ungeniwekea zile za kung'aa, leo ningeaibika."

Odero alitamani kijana amtukane. Tusi lina jibu.

Jumapili nne zilipita. Meza ziliongezwa. Jina la Opicho likaandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlangoni, juu ya supu ya kichwa. Wiki ya tano Odero alikwenda kwa Mbithi na kidole kilichovimba kama ndizi mbivu.

"Kimepona."

Mbithi alikitazama, akatazama chini. "Kusema ukweli, watu wanamtaka kijana."

"Gita ni la nani?"

Mbithi alivuta pumzi ndefu. "Ni lako."

"Basi."

Hakuona aibu. Nairobi nzima inaendeshwa na watu wasio na hoja nyingine.

Kwa hivyo Jumapili hiyo Odero alisimama tena mahali pake, na nyuzi zile zile nyeusi, maana Mbithi alikuwa ameapa kwamba zikichemshwa anavunja bendi. Wimbo wa kwanza watu walikula. Wa pili wakaongea. Na pale mbele kabisa, Truphena alikuwa amemkaribisha Opicho mezani kwake, eti mtoto wa watu asikae na njaa.

Kijana hakuwa na ubaya. Alisikiliza tu, na vidole vya mkono wake wa kulia vikagonga ukingo wa meza, bila yeye kujua. Odero aliviona. Akavichukia, akaangalia ukuta. Macho yakarudi. Vidole vile havikugonga kila mahali. Pale ambapo Odero alijaza kila nafasi kwa sauti, vyenyewe viliinuka hewani, vikasubiri, ndipo vikashuka. Kusubiri gani huko? Nani amemfundisha kusubiri? Katikati ya wimbo wa tatu, kwa hasira tupu, Odero naye akasubiri.

Dum.

Ua ukatulia kidogo. Akasubiri tena pale kidole kiliposubiri, akashuka pale kiliposhuka, na kidole chake kibovu kikawaka moto, na kiti cha kwanza kikasukumwa nyuma, kisha cha pili, kisha meza nzima ikasimama kucheza. Mbithi aligeuka kumtazama, mdomo wazi. Odero hakuthubutu kumjibu hata kwa nyusi. Macho yake yalikuwa kwenye ukingo wa meza ya mkewe, na moyoni alimwomba Mungu, yule anayesikia hata kwa mbali, kwamba kijana yule mshenzi asije akanyoosha mkono kuchukua nyama.