Nyundo ya Baba

Harufu ya msonobari mbichi kwa maseremala wa Mutakura, mtaa ninaoishi sasa, bado hunichefua. Katika mji wetu mdogo wa wapasua mbao, mti haukuangushwa kabla baba yangu, mlinzi wa msitu, hajaugonga muhuri kwa nyundo yake ya chuma. Siku moja nilimkuta mpasua mbao akigonga muhuri visiki vya miti aliyokwisha kuiangusha kwenye mteremko wa juu ya chemchemi, palipokatazwa kukata miti.

«Hiyo ni nyundo ya baba! Umeiba!»

«We mutoto, apana kunitukana,» alicheka. «Baba yako mwenyewe alinipa. Muulize.»

Nilimuuliza. Baba alinawa mikono polepole, akasema, «Kula, mwanangu.»

Hata baada ya sabuni, mikono ile ilinuka utomvu iliponimegea ugali. Naandika ilivyokuwa: nilikula.