Picha Iliyokwisha Katikati

Mama yangu hajapata kuingia sinema. Ndivyo tulivyoambiwa tangu utoto wetu hapa Hounslow, ughaibuni, na kwa hoja hiyo alininyima kila disko nililoalikwa. Msichana akicheza mbele za watu, alisema, mwisho wake ni kufungiwa ndani. Sasa zamu ilikuwa ya binti yangu. Alikuwa na tikiti ya tamasha la muziki kule Croydon, Jumamosi, lakini kwetu Bibi akisema hapana, hata mimi mama mtu sina sauti.

Basi nilipoona tangazo maktaba kwamba wazee wataoneshwa picha ya sinema ya zamani, ya rokenroli, ya vijana wa Kimarekani na nywele zao za mafuta, nikamwambia Mama kuna chai na keki, tukaenda pamoja na binti yangu. Sikusema uongo. Chai ilikuwepo, na keki pia.

Taa zilipozimwa akanifinya paja.

"Umenileta wapi wewe?"

"Tukae kidogo tu, Mama."

Akavuta mtandio mpaka kwenye nyusi. Lakini gitaa lilipoanza, kiatu chake kipana cha kupewa hospitali kikawa kinagonga sakafu, tena sawasawa na ngoma. Binti yangu aliona pia. Tukameza vicheko.

Hadithi ilikuwa nyepesi: msichana anataka kucheza rokenroli, baba hataki. Katikati ya picha baba akavifungia kabatini viatu vya msichana vya kuchezea, akatia ufunguo mfukoni. Mama akashika mkoba, akasimama.

"Haya, twendeni. Imekwisha."

"But Bibi, it's not finished," akasema binti yangu.

"Imekwisha, nakwambia! Akishatia ufunguo mfukoni, taa zinawashwa."

Nikamuuliza kwa adabu zote alizonifunza: "Mama, umejuaje?"

Akakaa. Akatengeneza mtandio usio na kasoro yoyote. Kisha yakamtoka: Unguja, zanana, lile onyesho la mchana la wanawake peke yao, yeye na dada zake ndani ya mabuibui. Picha ilikuwa hii hii, nakala moja kwa sinema mbili, mikanda ikipelekwa kwa baiskeli, na siku hiyo iliwafikia imechanganyika, wa mwisho umetangulia. Kwanza waliona msichana anacheza peku jukwaani, baba anampigia makofi. Ndipo baba akafungia viatu, taa zikawaka.

"Tukalia njia nzima," akasema. "Tukajua ndivyo kina baba walivyo. Wanakupigia makofi ukumbini, wanakufungia nyumbani."

"Basi kaa uone," nikamwambia.

Akaona. Msichana akatoroka peku, baba akamfuata kwa hasira mpaka ukumbini, akamkuta jukwaani, akasimama, akaishia kupiga makofi. Taa zikawaka. Mama alikuwa ameshika keki aliyosahau kuila.

"Kumbe makofi ndiyo mwisho," akasema polepole.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Miaka yote ile ya kunifungia mlango, kumbe kosa la mtu wa baiskeli.

Kituoni tukisubiri basi, alimgeukia mjukuu wake.

"Hilo tamasha lenu linakwisha saa ngapi?"

Binti yangu akamrukia shingoni. Mimi hasira zikanipanda, za kweli kabisa, kwa umri wangu huu.

"Na madisko yangu je, Mama?"

Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe? Kwani ulinipeleka sinema?"