Gitaa la Baritoni kwenye Sendofu ya Koku

Sikuwa nimelewa. Naanza na hili kwa sababu wageni wengi waliotoka Songambele, kwa wakwe zetu, walihitimisha hivyo, na kusema kweli maelezo ya ulevi yangenifaa zaidi, maana mlevi husamehewa kukicha, lakini mtu aliyevuruga sendofu ya dada yake akiwa na akili timamu, tena baada ya kupiga hesabu kwa makini, hana pa kujificha. Aibu ile bado ninayo, na ninaisimulia hapa kwa utaratibu kwa kuwa utaratibu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kustahimili jambo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Nyakakika kutoka chuoni, ambako nasoma shahada ya uzamili ya takwimu, baada ya jopo kulikataa pendekezo langu la utafiti (mmoja wa wajumbe alisema, kwa upole ulioniuma kuliko ukali, kwamba nimeandika kurasa nyingi kueleza kwa nini sijaanza). Mtu aliyekataliwa namna hiyo hutafuta kitu chochote anachoweza kukikamilisha. Mimi nilikuwa na gitaa langu la umeme, lile ninalopiga katika kwaya yetu ya usharika, na nilikuwa na wazo la muda mrefu la kuligeuza liwe la baritoni. Gitaa la baritoni si kitu cha ajabu: ni gitaa kama mengine, ila nyuzi zake ni nene na hukazwa kwa sauti ya chini zaidi, mahali fulani kati ya gitaa la kawaida na la besi. Niliamini kwamba sauti hiyo nzito ingekaa vizuri chini ya waimbaji wetu wa soprano, ambao gitaa la kawaida huwafuata kule kule juu waliko kama mtu anayemkatiza mwenzake akizungumza.

Nyuzi nene niliagiza Dar es Salaam, zikaja kwa basi hadi Kayanga. Zilipofika niligundua kwamba hazikai kwenye vijitaro vya kupitishia nyuzi vya kile kipande cheupe cha mfupa kilichoko juu ya shingo ya gitaa, kwa hiyo nikachukua tupa nyembamba na kuvipanua, taratibu, nikipuliza vumbi na kupima tena. Huo ndio uamuzi mdogo ulioyazaa mengine yote. Kijitaro kikishapanuliwa hakirudi kuwa chembamba: ukirudisha uzi wa zamani humo, unacheza na kutikisika kama jino bovu. Hilo nililijua, na nililipima kwa uzito wake, lakini nililipima baada ya kukata, jambo ambalo mjumbe wa jopo langu asingelitegemea kwangu. Baada ya hapo nilikaza chuma kilichomo ndani ya shingo ili isipinde kwa nguvu ya nyuzi mpya, nikasogeza nyuma vidaraja vya chini vinavyobeba nyuzi, nikakaza nyuzi, na gitaa likatoa sauti ambayo sitaikana hata leo. Ilikuwa nzuri mno.

Sasa, gitaa likishashushwa hivyo, mkono ukikaa mahali pa ufunguo wa G (sisi wapigaji huzitaja sauti kwa herufi) sauti inayotoka si G tena, ni D. Ukitaka G yenyewe lazima mkono ukae mahali pa C. Nilikaa barazani nikazihamisha nyimbo zote namna hiyo hadi vidole vikazoea, nikaridhika kabisa: kitakachotoka kwenye spika kitakuwa kile kile ambacho kwaya imekizoea, kwa hiyo hakuna haja ya kumsumbua mtu kwa maelezo. (Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliamua kutoeleza jambo kwa kirefu.)

Nilichokisahau ni Edson. Edson ndiye mpiga besi wetu, na Edson hasikilizi ufunguo, anautazama. Tangu mwanzo amejifunza kwa kusimama kushoto kwangu na kuukodolea macho mkono wangu, nikihama, anahama. Wapigaji wengi wa kwaya za huku wamejifunza hivyo, na yeye nilimfundisha mimi mwenyewe. Jioni ya mazoezi ya mwisho umeme ulikatika, tukaimba kwa midomo mitupu, kila mtu akaenda zake akiwa na furaha.

Ikafika siku ya sendofu, ya kumuaga Koku, dada yangu wa pekee, kabla ya harusi. Turubai lilifungwa uwanjani mpaka ukingo wa migomba, upande mmoja sisi, upande wa pili wakwe kutoka Songambele, na MC, mfanyabiashara mmoja wa Bukoba mwenye koo lisilochoka, katikati. Kwa shangazi zangu kuna jambo moja lisilo na mjadala: binti hutolewa nje kwa wimbo wa nyumbani kwao, na akishavuka kizingiti harudi ndani. Wimbo wa kwao ndio unaomkabidhi. Koku aliuchagua mwenyewe, ule ambao marehemu mama alipenda kuuimba akimenya ndizi, na aliniambia asubuhi ile, huku akisukwa, "Kaka, mengine yote yakikosewa si kitu. Huo wimbo tu msiukosee."

MC akapaza sauti: "Mabibi na mabwana, mtoto anatoka!" Mlango ukafunguliwa. Shangazi Yustina kulia, shangazi mdogo kushoto, Koku katikati akiwa amevuka kizingiti, na mimi nikaweka mkono mahali pa C nikapiga G iliyo safi kabisa, na Edson, aliyeuona mkono wangu, akapiga C iliyo safi kabisa.

Sijui nielezeje. Waimbaji waliokuwa karibu na spika ya besi walimfuata Edson, waliokuwa karibu nami walinifuata mimi, na wimbo wa mama ukatoka kama watu wa nyumba mbili wanaogombana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Koku alisimama.

"G, Edson, G!" nikamnong'oneza, nikisahau kwamba mbele ya mdomo wangu kulikuwa na maiki iliyowashwa.

"Mbona wewe mwenyewe umeshika C?" akajibu, naye akisikika hadi barabarani.

"Nimeshika C lakini ni G!"

"Msomi, umekunywa nini?"

Upande wa wakwe ukaangua kicheko. MC, kwa nia njema, akasema, "Jamani, mitambo inasumbua kidogo," na fundi mitambo, aliyeamini kwamba analaumiwa yeye, akapandisha sauti ya vyote viwili. Hapo nikafanya hesabu ya haraka: Edson yuko C, basi nimfuate huko huko, na ili nitoe C lazima niupeleke mkono F. Nikaupeleka. Edson akauona, akahamia F. Nikagundua, hata katika hali ile, kwamba popote nitakapokwenda atanifuata kwa uaminifu akiwa katika umbali ule ule, na kwamba tatizo hilo halina jibu ila kunyamaza, lakini kati ya kulijua jibu na kulitekeleza nilipita sehemu nyingine mbili za shingo ya gitaa.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mama Adela, aliinua mkono na kuwapa waimbaji do, sauti ya kuanzia, kwa mdomo wake, na wangeweza kuokoka, sina shaka, kama wakati huo huo nisingekuwa ninatafuta mahali pa kumwokoa Edson. "Mwacheni huyo! Imbeni!" akafoka. Soprano wakawa wameficha nyuso kwenye viganja, mabega yakitikisika. Ndipo nikauvuta waya nje ya gitaa bila kushusha sauti, na spika ikapiga kishindo kilichowakimbiza kuku wa jirani.

Wimbo ukakatika. Koku alikuwa amesimama juani hatua chache kutoka mlangoni, hawezi kwenda mbele, hawezi kurudi nyuma. Shangazi Yustina alimkaza mkono na kumwambia maneno ambayo sikuyasikia. Kisha wanawake wa Songambele, labda kwa huruma, labda kwa ujanja, wakaanzisha wimbo wao kwa Kinyambo, wakipiga makofi, wote kwa sauti moja, bila waya wala umeme.

"Eee!" MC akaruka. "Wakwe wamejichukulia wenyewe! Nyumba hii haikutoa, imenyang'anywa!"

Watu wakacheka hadi kufuta machozi. Mimi nilikuwa namtazama Koku. Wimbo wa wakwe ulikuwa umeshakolea, shangazi mdogo ameanza kumsukuma kwa upole, lakini yeye aligeuza uso upande wetu na kubaki hivyo kidogo. Hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo. Kisha akatembea, kwa mwendo wa makofi yao.

Baadaye, kabla ya magari kuondoka, nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimejiandaa, nilianza na unene wa nyuzi, nikafika kwenye Edson na mkono wangu, naye akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akininyooshea kola ya shati kama alivyozoea.

"Hayo ya gitaa sikuyajali," akasema. "Mlipokosea nilifurahi, nikajua nitacheka mwaka mzima. Lakini walipoanza wale wa Songambele, nilisimama nikawasubiri ninyi. Kaka, hata kwa sauti mbovu mngeimba."

Tangu siku hiyo nimejiapiza mambo mawili: sitagusa tena kitu ambacho wenzangu wanakitegemea bila kwanza kuwaambia nimekigusaje, hata kama hesabu yangu ni sahihi (nayo, nasisitiza, ilikuwa sahihi), na nikimwona mtu wangu amesimama peke yake mbele ya watu akinitazama, nitafungua mdomo kwanza, ufunguo tutautafuta njiani.