Nilifuta toleo la zamani, lawama zikamwangukia mwalimu wangu

Admin, jina langu lisionekane tafadhali. Mimi ni dada wa miaka 28, naishi Nyakabiga, nafanya kazi ya kompyuta kwenye kliniki moja ya watu binafsi hapa Bujumbura. Aliyenifundisha kazi ni Baba Zaituni, mzee wa Buyenzi. Yeye ndiye aliyeandika, kwa lugha ya Python, programu inayofungua fishi, yaani faili za wagonjwa. Miaka yote haikutusumbua.

Siku moja nilitaka kujaribu kitu changu kinachohitaji Python mpya. Kwenye kompyuta kuu nikatafuta orodha ya matoleo, nikachagua la juu kabisa, nikalisakinisha. Ningeishia hapo. Lakini nikaona la zamani linajaza nafasi bure, nikalifuta. Sikumuuliza mtu.

Kesho yake asubuhi hakuna fishi hata moja iliyofunguka. Kina mama wamekaa na watoto wenye homa, manesi wanapiga kelele. Mkurugenzi akamwambia mzee mbele ya wote, "Programu yako imezeeka kama wewe!" Nilijua papo hapo kosa ni langu: programu ya mzee ilitegemea lile toleo nililolifuta. Nikanyamaza. Baba Zaituni alihangaika mpaka saa sita, akaniambia polepole, "Binti yangu, mi sioni kitu. Labda akili yangu imechoka."

Alipoenda kuswali, nikarudi kwenye ile orodha, nikalipata toleo la zamani, nikalisakinisha tena. Dakika chache tu. Fishi zikafunguka. Watu wakanipigia makofi, nami nikayapokea.

Wiki mbili baadaye mzee akapumzishwa, nafasi yake nikapewa mimi. Siku ya kuaga alinishika mkono: "Umeniokoa na aibu. Mungu akulipe." Tangu hapo hagusi kompyuta. Binti yake anasema hata jirani akimletea simu amrekebishie, anakataa: "Apana, we tafuta mutu mwingine, mi nitaiharibu."

Juzi nilienda kwake nikiwa nimeamua kusema. Nikanywa chai, nikauliza hali, nikaondoka. Akanisindikiza hadi barabarani, bado ananishukuru.

Nikikiri, kazi naipoteza, na mama yangu ananitegemea. Nikinyamaza, yule mzee ataendelea kuamini kwamba kichwa chake kimekwisha.

Ndugu zangu, msinionee huruma. Niambieni tu, nianze kwa mzee au kwa mkurugenzi? Na neno la kwanza liwe lipi?